Gauni la Kijani la Agot

Samsam, wacha kila kitu. Agot amejiaibisha huku soko la mitumba la Kakuma!

Aliona gauni la kijani juu ya rundo. Akamwambia muuzaji, "Hili limechakaa, hata kudekia sakafu halifai. Punguza!"

Muuzaji naye akadhani ni la rundo, akapunguza, Agot akalitia kwenye mfuko wake.

Kumbe kuna mama alikuwa nyuma ya pazia anajaribu lingine, hilo la kijani ndilo alilokuja amevaa, akalivua akaliweka hapo juu! Lake mwenyewe, Samsam!

Pazia likafunguka. Mama yake Lueth! Na kesho kutwa ndio wanakuja kumposa Agot awe mke wa Lueth!

"Binti yangu, kumbe halifai hata kudekia?"

Hata kudekia!

Agot akatupa mfuko, akakimbia hadi kwao. Sasa anaulizia gari la kutorokea Lodwar. Lueth yuko mlangoni kwao, anaapa mama yake bado anacheka. Agot haamini. Njoo umshike!