Jina Lako Linapanda Milimani

Baba,

Nimeketi mezani na fomu ya kubadilisha jina la mtoto, na jina lenyewe ni lako. Nimejaza tarehe, nimejaza mahali alipozaliwa, kisha mkono ukakataa. Ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya serikali.

Ni miezi saba tangu tukuzike. Nyumba yako ya mtaa wa Free Area tumeipangisha. Ile ramani yako ya Afrika nimeileta huku kwetu Kiamunyi nikaitundika sebuleni pamoja na vumbi lake, na vikaratasi vyako bado vimeshika. Nchi ikibadilisha jina, ulikata karatasi nyembamba, ukaandika jina jipya kwa wino mweusi, ukaibandika upande mmoja tu, ili anayetaka ainue asome la zamani. Mwalimu mzima wa jiografia, na hukuwahi kununua ramani mpya! Mama alisema ni ubahili. Wewe ulisema, "Shiru, jina la kwanza usilitupe. Uliza nani alilitoa na alikuwa anataka nini."

Gold Coast, Pwani ya Dhahabu, ulinieleza, wazungu waliiita kwa kile walichotaka kubeba. Upper Volta ni mto tu, utadhani hakukuwa na watu, mpaka wenyewe wakajiita Burkina Faso, nchi ya watu waadilifu. Swaziland ilipogeuka Eswatini ulicheka, kwa sababu maana ni ile ile, nchi ya Waswazi, ila sasa wameisema kwa lugha yao. Lakini uliyopenda kuirudia ni Dahomey. Hilo lilikuwa jina la ufalme mmoja, na ndani ya nchi mlikuwa na watu wengine wengi ambao ufalme huo uliwahi kuwavamia. Wakachagua Benin, jina la ghuba iliyo mbele yao, lisilo la kabila lao lolote. "Hapo hawakuwa wanamkimbia mzungu," ulisema. "Hapo walikuwa wanaogopana." Nilikuwa mdogo, neno hilo likanipita. Sasa nalielewa vizuri sana.

Mama yake Kiprono ni mgonjwa, na shule zikifungwa tunahamia kwao milimani kumtunza na kulima. Mume wangu ni mtu mzuri, unamjua. Ndiye aliyekubali mtoto wetu wa pili wa kiume aitwe Njoroge, jina la baba wa mama, kama desturi yetu inavyotaka, ingawa kwao majina hutolewa kwa namna nyingine. Ulishindwa kuficha furaha. Ulimwita "rika langu", mkawa mnagawana mandazi nusu kwa nusu kama wazee wawili. Mimi mpaka leo namwita Baba, na mtu akinisikia nikimkemea Baba avae soksi anadhani nimerukwa na akili.

Lakini mwaka ujao ni wa uchaguzi, na watu wameanza maneno. Mama ninayenunua viazi kwake kila Jumamosi aliniuliza, "Kwani mnaenda huko juu na huyo Njoroge?" Alicheka kidogo, lakini aliacha kupima viazi. Huko juu jina lako litasema watu wetu ni akina nani kabla mtoto hajafungua mdomo, na mwalimu atalisoma kwa sauti kila asubuhi. Kaka yake ana jina la babake Kiprono, yeye hana shida. Huyu ana miaka sita, na ninaogopa, Baba.

Fomu aliileta Kiprono. Hakunilazimisha. Alisema, "Tumwandike Kibet, si ndilo jina mathe wangu alimpatia? Hata zile nchi za mzee wako zilibadilisha na hazikukufa." Kibet kwao ni mtoto aliyezaliwa mchana, na kweli alizaliwa saa saba mchana. Si uongo. Ingekuwa uongo ningekataa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo hatukuwahi kuliongea. Ile Januari ya vita vya baada ya uchaguzi, nikiwa darasa la saba, tukitoka kumtazama shangazi, vijana walitusimamisha barabarani wakiwa na mawe na panga. Ilikuwa mchana kweupe. Mmoja akasema, "Mzee, toa kitambulisho. Unaitwa nani?" Ulisema kimepotea. Kisha ukataja jina la jirani yetu wa kabila lao, Mzee Koech, lake na la babake, bila kukwama, hata kwa lafudhi yake. Wakatuachilia. Mkono ulionishika ulikuwa umelowa jasho. Najua kwingine walisimama vijana wa kwetu wakiuliza swali lile lile. Tulipofika nyumbani ulikaa kwenye kiti siku mbili bila kula, nikadhani ni woga. Siku hizi nadhani ilikuwa aibu. Nilisikia kila neno, Baba. Sikukudharau hata kidogo. Niko hai kwa sababu ya jina la jirani, na nimechelewa kukuambia asante.

Nimeamua sitaimaliza hii fomu. Kwenye karatasi atabaki Njoroge.

Ila nimefanya kitu kingine, na usinikasirikie. Wiki mbili sasa, akioga, akila, namfundisha kwamba mtu asiyemjua akimuuliza jina njiani, yeye ni Kibet. Nimemwambia ni mchezo. Mwanzoni alibisha, "Lakini mimi ni guka, mimi ni babu Njoroge!" Leo nilijificha nyuma ya mlango, nikakaza sauti kama mwanamume, nikamuuliza ghafla, "Wewe kijana, unaitwa nani?"

"Kibet," akasema. Hapo hapo. Hakupepesa hata jicho.

Nilimkumbatia, nikampa biskuti, kisha nikaenda bafuni nikafungua maji ili asinisikie nikilia.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitamshika mkono kila njia tutakayopita huko. Na tukivuka uchaguzi salama nitamwambia mchezo umekwisha. Naomba tu siku hiyo awe bado anakumbuka ni jina gani lilikuwa la mchezo.

Ni mimi binti yako,
Shiru