Kipa wa Bundi wa Harrow

Harrow, Saskatchewan
Februari

Mdogo wangu mpenzi Lorne,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini kifua kimekuachia, na hewa ya bahari huko Halifax inakufaa. Mimi sijambo, ila goti tu, na baridi ya mwaka huu haina adabu hata kidogo.

Kama ulivyosikia, uwanja wetu wa barafu utabomolewa. Kwa hiyo watu wameamua kuchagua kikosi bora cha miaka yote cha Bundi, timu yetu ya hoki, wachezaji sita, na jezi zao zitundikwe katika chumba cha kubadilishia nguo hadi siku ya kuagana. Tulichagulia kwenye kantini, na nusura watu watwangane. Delphine, muuza chipsi, alimwambia mumewe kwamba kama hoki haijui, bora afunge mdomo ale. Kwa kipa tu hakukuwa na ubishi. Wote walitaja jina lako, kwa ajili ya ile fainali dhidi ya Melby. Wenzako watano waliochaguliwa, wote wa fainali ileile, wameshazikwa, umebaki wewe.

Kesho yake Clifford, mtunza barafu, alinipigia simu. Kati ya jezi tulizotundika, tano zilikuwa zimelowa jasho. Ya kwako ilikuwa kavu, imetupwa sakafuni. Akadhani ni watoto wa shule wanamchezea, akabadilisha kufuli, lakini mambo yakawa yaleyale. Makali ya viatu vya kutelezea barafuni yalikuwa yamechana mkeka hadi kwenye mlango wa uwanja, alama zikaishia hapo. Barafu yenyewe haikuguswa.

Clifford aliichezea Bundi ujana wake wote, miaka mingi baada yenu, na anazijua desturi za timu. "Verna, kipa ndiye hutangulia kuingia, wengine wanafuata. Tangu lini ikawa vingine? Hawa wanamngoja nduguyo. Mwambie asithubutu kukanyaga huku!"

Nawe ulikuwa umeshaniandikia kwamba unakuja kuagana na uwanja. Niliogopa sana, Lorne. Sikuweza hata kula.

Kisha nikajiuliza: mtu anayengojwa hutupiwa jezi chini? Mji mzima haujui, lakini wale watano walijua, maana nilivaa nao chumba kimoja. Siku ya fainali wewe ulikuwa kitandani na surua, mama akikukanda. Aliyekuwa golini nyuma ya barakoa yako ya kipa ni mimi. Miaka yote hii nimelipigia makofi jina lako, na wivu umenitafuna, sikufichi.

Jumatatu niliiondoa jezi yako nikatundika sweta yangu ya kijani mahali pake. Asubuhi yake Clifford alinionyesha barafu. Ilikuwa imechanwachanwa kote, hasa mbele ya goli. Sweta ilikuwa imelowa, bado ina joto la mwili. Nami nilikuwa nimeamka na mapaja yamevilia damu, kama baada ya fainali ile.

Tangu hapo kila siku naamka nimechoka zaidi, na vidole vinachelewa kupata joto. Daktari ameshika mapigo ya moyo wangu, akakunja uso. Clifford ananisihi niitoe ile sweta. Siitoi.

Nisalimie Noreen na wajukuu, uwabusu wote. Njoo bila hofu, mdogo wangu, mlangoni hakuna anayekungoja. Ukinikuta nimelala, usiniamshe. Mji umekuchagua wewe, lakini wao wamenichagua mimi.

Dada yako akupendaye,
Verna