Sanduku Linakuja, Mimi Nabaki

Berea, Durban
Desemba

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake, na kwa woga wa mtoto anayejua kwamba ataudhi. Mgongo wako unaendeleaje na baridi hiyo? Baba Séverin bado anagombana na theluji ya mlangoni kila asubuhi? Mdogo wangu Peguy mwambie jezi aliyoagiza imo, ila asipekue sanduku kabla hujamaliza kusoma. Sisi huku afya ipo, ingawa tunayeyuka. Joto la Durban mwezi huu halina adabu, ukikaa tu bila kufanya lolote unalowa jasho.

Najua mmekuja uwanja wa ndege kunipokea mkamkuta Ezéchiel na sanduku langu. Ni mwanakwaya wa kanisani kwetu, anakuja Norwe kula Noeli na mchumba wake. Msimlaumu, hajui kitu. Nilimwambia nimebanwa na kazi ya saluni. Ningeweza kupiga simu, na nilijaribu, lakini kila nikipiga unanionyesha theluji dirishani, unaniuliza nikifika nitataka kula nini kwanza, nami nabaki kuuliza habari za hali ya hewa kama mtangazaji wa redio. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Tangu habari ienee kwamba nasafiri, kila Mkongomani na Mrundi wa Durban amegundua ana ndugu Ulaya. Kwao Ulaya nzima ni mtaa mmoja. Mama Joséphine alitoka Queensburgh na mfuko wa dagaa wakavu, ndagala za kaka yake aliyeko Denmaki, akanihakikishia kwamba ni hapo hapo jirani, nitampelekea kwa miguu. Nikapanga vitu, nikapangua, nikapanga tena. Mama mdogo Marie-Jeanne amenivumilia sana. Tangu nije kumsaidia saluni baada ya operesheni yake hajawahi kunifokea, lakini juzi aliniona nazunguka sebuleni na viatu vya baridi mkononi, akasema, “Weye mutoto, kaa chini basi. Eish, unanizungusha kichwa.” Nilikaa. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama tena.

Na nilitaka kuja, Mama, usifikiri vinginevyo. Nimewakumbuka hadi naumwa. Nilitaka kusikia theluji ikilia chini ya viatu, nikute madirisha yana mvuke na nyumba yote inanuka kisamvu, sombe lako, majirani Wanorwe wakionja kwa adabu na kuomba maji. Tiketi nilikata mwenyewe na sikulazimishwa na mtu kuiacha.

Hapa nakuomba usimame, uende bafuni, ufunge mlango. Waambie unachotaka. Kinachofuata ukisome peke yako kwanza.

Mwezi uliopita kulikuwa na matanga huko Jacobs, kwenye viwanda. Alikuwa amefariki baba mmoja wa Bukavu. Mama mdogo alikuwa na wateja waliosukwa vichwa nusu, akanituma mimi na sufuria la maharage. Unajua watu wetu wanavyofariji. Aliyewahi kufiwa husimama akasimulia msiba wake, ili mwenye msiba mpya ajue hayuko peke yake. Akasimama mwanamume mmoja mrefu, mwenye ndevu za mvi, bado amevaa ovaroli ya kazini. Alimwambia mjane amshukuru Mungu, maana mwili wa mume wake umeoshwa, na atajua alikolala. Yeye, alisema, hakupata hata hilo. Siku walipokimbia Uvira alirudi nyuma kumchukua mama yake, akatanguliza mke na mtoto kwa boti ya kwenda Kigoma. Alipofika ufukweni akaambiwa boti imezama na watu wote. Akasubiri mwaka, kisha akaita majirani, akanyoa nywele, akaanua matanga bila mwili wala kaburi. Mke aliitwa Valérie, kama wewe. Mtoto alikuwa wa kike, akiitwa Anaïs, kama mimi.

Boti iliyozama, unakumbuka, ni ile iliyokuwa inatufuata. Nawe kule kambini waliposema Baba ameuawa kwenye njia ya Fizi, ulisubiri vilevile, ukanyoa vilevile, ukaanua matanga yake mimi nikiwa nimeshika kitenge chako. Ninyi wawili mmezikana, Mama, na kila mmoja alifanya taratibu zote kama inavyotakiwa.

Niliweka sufuria chini nikamfuata. Nilipomtajia jina langu alitabasamu kwa heshima tu, akasema ni jina zuri. Nikamtajia lako. Nikamtajia Bibi Marie-Louise, mama yake, yule ambaye yeye alirudi kumchukua. Akakaa chini kwenye mchanga. Watu walidhani anamlilia marehemu, wakamletea maji.

Mama mdogo nilipomweleza alifunga saluni mchana, akaenda kumwona kwa macho yake. Alirudi akasema ndiye. Kesho yake akanishauri nipande ndege, nile Noeli, ninyamaze. Alisema mtu aliyeanuliwa matanga yake harudishwi jikoni kwa aliyekuwa mkewe, tena ambaye sasa ana ndoa nyingine ya kanisani, na kwamba iko vile iko. Baba mwenyewe aliniomba hivyo hivyo. Hakuoa tena. Aliniuliza kama Baba Séverin ni mtu wa kufoka. Nikamwambia hapana, ndiye aliyenifundisha kuteleza kwenye theluji na hakunicheka nilipoanguka. Alifurahi, kisha akaumia, vyote viwili nikaviona usoni pake.

Nilijaribu kuwatii. Ndiyo maana nilifungasha. Sitaki kuvunja nyumba yako, na Baba Séverin nampenda, amenilea. Lakini kila Noeli, kabla chakula hakijapakuliwa, unatusimamisha wote, unamwomba Mungu ailaze pema roho ya marehemu Ndikumana, baba yangu. Baba Séverin anavua kofia. Sote tunaitika amina, na sauti yangu ndiyo huwa kubwa kuliko zote. Mwaka huu nisingeweza kuitika, Mama. Na nisipoitika ungenitazama, na ukinitazama siwezi kukuficha kitu, hilo unalijua tangu nikiwa mdogo.

Kwa hiyo Noeli nitaila Jacobs, kwenye chumba chake kimoja. Ameniuliza kama nakula nyama, kama mtu anavyomuuliza mgeni. Nilijibu ndiyo, nikatoka nje kulia.

Nimewakaidi, nimekuambia, na ukikasirika nitapokea. Sikuelekezi la kufanya na mumeo wala na moyo wako. Ila jioni hiyo, mtakapokuwa mmesimama na chakula kiko mezani, watakuwa wanakusubiri wewe uanze. Usimwombee apumzike, Mama. Mwombee maisha marefu.

Nisalimie Baba Séverin, umwambie heshima yangu kwake haijapungua. Mkumbatie Peguy. Ndagala za Mama Joséphine zitafutieni mtu wa Denmaki. Funika mgongo, na usitoke nje bila skafu.

Mwanao anayekupenda,

Anaïs wa Ndikumana