Feni ya Chumba cha Kamati

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Usinipigie, soma tu.

Si unaujua ule muswada wa watu wenye nguvu za ajabu niliopewa kuuandika? Leo nilikuwa naisomea kamati. Nimefika pale, "Atakayetumia nguvu hizo bila kibali atafungwa," feni ya dari ikakatika. Juu ya kichwa cha waziri!

Nikaidaka. Kwa mkono mmoja! Ile siri yetu ya tangu utotoni, mbele ya kamati nzima.

Mimi nami, eti, "Ni nyepesi." Nyepesi! Nilipoiweka mezani, meza ikapasuka.

Mwenyekiti akakohoa: "Mama, malizia kifungu."

Nikasoma. Maneno yangu mwenyewe, shoga, kwa mdomo wangu mwenyewe: atafungwa.

Nikamtazama waziri. Nikajipa moyo kwamba huyu hawezi kukosa kunitetea, maana bila mimi angekuwa maiti saa hizi.

Mwenyekiti akasema, "Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Wa kwanza kunyoosha alikuwa waziri. Vumbi la feni bado liko kichwani kwake.