Feni Bado Inavuma

Kakuma 2,
Turkana, Kenya.
Jumamosi, 14 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Boris,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Winnipeg kwenye barafu. Kifua kinaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unakohoa kila ukitoka nje, nikakwambia ujifunge shingo, ukacheka. Usicheke. Wewe tangu utoto wetu Uvira, ukilicheka jambo leo, wiki inayofuata uko kitandani. Mkeo hajambo? Mtoto ameshaota meno? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa magoti yangu na hili joto. Joto la mwezi huu, mdogo wangu, hata mbuzi wamekosa pa kusimama.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati ulizoea sauti yangu kwenye simu. Simu nimenyang'anywa. Mwanangu Inès ameiweka mezani kwake impe intaneti, na ameniapisha nisiiguse. Bahati nzuri Mama Caritas anasafiri kuja huko wiki ijayo na amekubali kubeba barua. Basi nimechukua kalamu, maana leo siwezi kukaa bure.

Nimekaa nje, mgongo kwenye ukuta wa nyumba, chini ya dirisha. Ndani, mwanangu anafanya mtihani kwenye ile kompyuta uliyotutumia. Nasikia feni yake ikivuma. Maadamu inavuma, nami napumua.

Huu ndio mtihani wa mwisho wa ile kozi ya uhasibu anayosomea mtandaoni. Akipita vizuri, chuo kinampa nafasi ya kwenda kusoma digrii Nairobi, chakula na malazi juu yao. Akikosa, hakuna mara ya pili. Mtihani uko wazi leo tu, toka alfajiri mpaka jua kuzama. Unachagua saa yako, lakini ukishaanza ni masaa mawili bila kusimama. Kamera inakuangalia usoni. Sura nyingine ikionekana chumbani, umefutwa. Mashine ikizima katikati, umefutwa. Niambie, Boris, watu waliotunga sheria hizo wamewahi kuishi mahali ambapo umeme unatoka kwenye jenereta ya jirani?

Na mashine yenyewe, eh! Sikutaka kukwambia, usije ukafikiri hatukuitunza. Tangu Desemba ilikuwa inazima yenyewe. Haikupi onyo, haikuombi radhi. Mtu anaandika, mara kioo kinakuwa cheusi, basi.

Tulianza na chaja, kwa sababu kila mtu alisema ni chaja. Tukaazima ya kanisani. Ikazima. Fundi wa hapa sokoni akasema betri imechoka, akaitoa kabisa, akatuambia tuitumie kwa umeme mtupu. Ikazima. Tukarudi. Safari hiyo ilikuwa inalia pi-pi-pi bila kuwaka, akaifungua, akachomoa kijipande cha memori, akasugua meno ya kile kijipande kwa kifutio cha penseli kama mtoto anayefuta hesabu aliyokosea. Nikafikiri ananichezea. Kumbe hiyo ni kazi ya kweli, pi-pi-pi ikakoma, ikawaka vizuri mbele ya macho yangu, nikamwombea baraka. Mchana ikazima tena.

Kila tukimpelekea, tunampelekea asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na kwake inafanya kazi. Tukifika nyumbani saa sita, maiti. Mwisho akachoka na sisi. Akasema bodi kubwa ya ndani imekufa, tutafute kompyuta nyingine. Alisema kama vile kompyuta zinagawiwa pamoja na unga.

Sasa hapa lazima nikueleze habari za Adhel. Ni msichana wa Kidinka, wanaishi nyuma ya kisima, ni rafiki ya Inès wa chanda na pete. Wanasoma kozi moja, na yeye hana mashine. Tangu mwanzo wanaitumia hii kwa zamu. Mpole sana, haongei mpaka umwulize. Huyo ndiye aliyeona kwamba asubuhi mashine inakubali na mchana inakataa. Akamwambia Inès ni joto. Mimi nilimsikia, nikasema moyoni, joto gani, sisi wote tuna joto na hatuzimi.

Wewe umeishi hapa, unajua tunavyopoza maji ya kunywa. Unalivika dumu gunia, unalilowesha, unaliweka kwenye upepo, jioni unakunywa maji baridi. Basi siku moja nimetoka kanisani, naingia ndani, nakuta Adhel peke yake na mashine. Ameifunga mfuko wa nailoni, halafu ameivika gunia bichi, ameiweka mlangoni upepo uipige. Kama dumu! Kioo kimefunguka nusu, yeye anasoma. Na ule mfuko, Boris, ulikuwa na tundu. Maji yalikuwa yanachuruzika mezani.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilimwambia ameua mashine ya mwanangu. Nilimwambia kwao wanajua ng'ombe tu. Ndiyo, nilisema hivyo, mimi mama wa kwaya, mbele ya watu. Adhel alikusanya vitabu vyake akaondoka, na nyuma yake nikaongeza kwamba asikanyage tena kwangu. Hasira hasara, unaniambia kila siku.

Mashine haikuwaka tena siku ile wala kesho yake. Baba Inès, mzee Mukendi wako yule yule, hakupandisha sauti. Alichomoa kila kitu, akaigeuza kifudifudi kivulini, akakataza mtu kuiwasha ili kujaribu bahati. Pengine hilo ndilo lililoiokoa. Mimi nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikaifunga kwenye kitambaa chake, nikapanda gari la Lodwar.

Ngoja. Feni imepandisha sauti.

Imeshuka kidogo. Nimesimama nikachungulia pembeni, mahali ambapo kamera haifiki. Nimeuona mgongo wake tu, gauni limelowa jasho. Nimemwagia gunia maji nikalitundika dirishani upande wa nje, ili upepo unaoingia uwe na ubaridi. Ni maji ya kupikia. Bomba limefungwa tangu asubuhi, leo usiku tutakula mkate. Na jenereta, nilimwendea jirani jana nikamwambia leo akiizima kabla ya wakati wake, mimi na yeye tutakutana mbinguni tu. Akacheka, akaapa.

Nilikuwa nimefikia Lodwar. Kuna fundi pale karibu na stendi, Mturkana, anaitwa Ereng, kibanda chake kimejaa redio zilizopasuliwa. Nikamsalimu ejok kwa lugha yao, akafurahi, akaanza kuniuliza habari za Kongo kana kwamba sikuwa na haraka. Anaongea huyo! Mkono unafungua skrubu, mdomo uko Uganda. Halafu alipofunua mgongo wa mashine akaacha habari za Uganda, akainama karibu, nikajua kuna jambo.

Boris, kile kifeni cha ndani hakikuonekana. Kilivikwa vumbi na moshi wa jiko mpaka vikashikana kama sufi ya mto. Alikivua vumbi hilo kwa kibano, kipande kizima. Na ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya moyo wa mashine kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama chokaa ukutani. Maji ya gunia yaliingia kidogo pembeni, yakaharibu vitufe vichache tu. Akaniuliza nani aliilowesha, nikamweleza yote, nikitegemea atanisaidia kumtukana.

Akasema, "Huyo msichana aliona ugonjwa, mama. Dawa ndio alikosea."

Na sikujua kwamba bado zamu yangu inakuja. Alichukua kitambaa nilichoifungia mashine, akakigeuza, akauliza ni cha nini. Unakijua, ni kile cha kufuma kwa sindano, chenye maua ya njano, nilichokifuma mimi mwenyewe siku kompyuta ilipofika. Nani kati yetu anaweka kitu cha thamani mezani bila kitambaa? Redio ina chake, thermosi ina chake, Biblia ina chake. Nikamwambia kwa kiburi kabisa kwamba mashine hulala juu yake ili isichafuke. Ereng akaigeuza mashine, akanionyesha matundu madogo chini ya tumbo lake.

"Hapa ndipo inavuta hewa. Mama, umeiziba pua mwaka mzima."

Alicheka, na mimi nilicheka kwa aibu, lakini kwenye gari la kurudi sikucheka. Nililifikiria lile neno la ng'ombe. Neno likitoka halirudi mdomoni.

Aliifanyia kazi vizuri, Mungu ambariki. Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, feni ameishika kwa njiti ya kiberiti isije ikazunguka ikavunjika. Alisafisha kwa spiriti, akapaka dawa mpya, tone dogo kama punje ya mtama, akasema ukizidisha ni vibaya kama kukosa. Akanipa na kibodi ya kuchomeka pembeni kwa ajili ya vile vitufe vilivyokufa. Akaniasa tusiweke mashine juu ya nguo wala kitanda, tuinyanyue kwa vitu viwili, upepo upite chini. Na feni ikipiga kelele nisiogope, inafanya kazi. Niogope ikinyamaza ghafla wakati mashine ni ya moto. Betri nayo ameirudisha mahali pake, lakini ni chovu, itashika dakika chache umeme ukikata, zaidi ya hapo haahidi. Joto la saa saba mchana, alisema, pia haahidi.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Inès yote, na la kitambaa pia, sikumficha. Alinisikiliza akimenya viazi. Hakunilaumu. Lakini jana jioni tulipokuwa tunapanga saa za mtihani, mimi nikiwa nimeshaamua kwamba yeye ataingia alfajiri kwenye ubaridi, aliniambia kwa utulivu kwamba alfajiri ni ya Adhel.

Nilidhani anatania. Nikamwambia mashine ni yetu, mjomba wako ameitoa Kanada kwa ajili yako. Nikamwambia ikipata moto kwa Adhel, ya kwako itaanza ikiwa moto. Nikamwambia mengi. Akanijibu, "Mama, ulimfukuza mbele ya watu. Asubuhi ni yake." Nikamwita baba yake, nikifikiri atanitetea. Mzee akasema mtoto ameshasema.

Basi Adhel alikuja kabla ya jua, na kaka yake akamsubiri kwenye lango. Alinipita ameinamisha kichwa. Nilimwekea chai, hakuigusa. Alifanya mtihani wake mpaka mwisho, mashine haikutetereka, akatoka, akaenda zake. Tukaipumzisha mashine kivulini mpaka saa sita, maana jirani huizima jenereta saa tatu asubuhi kuokoa mafuta, huiwasha tena saa sita mpaka saa tisa tu. Na sasa ni saa nane kasoro, jua liko katikati ya utosi, bati linatoa mlio, mwanangu wa pekee yuko ndani na mashine iliyochoka kwa sababu ya mdomo wangu mimi. Hilo ndilo linaloniua. Ikizima, siwezi kumlaumu Adhel, siwezi kumlaumu fundi, wala huyo jirani na jenereta yake.

Boris, imenyamaza.

Sisikii feni. Nimeweka sikio ukutani. Jenereta inanguruma, kwa hiyo si umeme. Siwezi kuingia, nikiingia na bado anaandika, nimemfuta mimi mwenyewe. Siwezi kumwita. Naandika tu. Mungu wa baba zetu, usiniadhibu kwa mtoto. Mungu wa baba zetu.

Nimerudi kwenye karatasi, utanisamehe madoa haya.

Alifungua mlango yeye mwenyewe. Uso unang'aa jasho, nywele zimemganda kwenye shingo. Akasema amemaliza, majibu yote yamepokelewa, na mashine ameizima kwa mkono wake ili ipumzike. Nikakaa pale pale kwenye vumbi, nikalia kwa sauti, na jirani wa jenereta akachungulia akifikiri kuna msiba. Nikataka kumkumbatia mwanangu. Akaniacha nimkumbatie kidogo, kisha akanishika mabega, akanisimamisha, akanipangusa vumbi mgongoni.

"Sasa vaa viatu, Mama. Tunakwenda kwa kina Adhel. Na wewe ndiye utakayebisha hodi."

Kwa hiyo nafunga barua. Nisalimie mkeo, umbusu mtoto kila shavu mara mbili. Msalimie Hardy, mtoto wa kaka yetu, ukimwona, mwambie shangazi hajamsahau hata kama yeye amenisahau. Mzee Mukendi anakusalimu, na Inès anakushukuru kwa mashine, atakuandikia mwenyewe majibu yakitoka. Bwana akulinde kifua na miguu kwenye barafu hiyo, akuzidishie kazi ya mikono yako, na akujalie ulimi mzuri kuliko wa dada yako.

Inès amesimama kwenye lango ananingoja. Nimevaa viatu, na bado sijui nitaanza na neno gani.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ninapokukemea,
Josiane