Kadi ya Miaka Miwili

Nakivale, Jumanne, 14 Mei 2013

Hata sijui kwa nini maneno ya yule muuzaji yalinichoma. Nimeshinda dukani mjini Mbarara nikichagua kadi ya grafiki ya kompyuta yangu ya gemu. Ile ndogo inakwamisha picha. Akanisogezea ile kubwa: "Chukua hii, ssebo. Utakaa nayo miaka kumi."

Miaka kumi, fasi hii ya wakimbizi?

Nikachukua ya katikati. Nikamwambia miaka miwili inatosha, sisi tunarudi Kongo.

Jioni nimeifunga ndani ya kompyuta. Picha ni safi. Sikufurahi, sikuhuzunika.

Baba naye, tulipofika hapa kambini, alikataa kujenga nyumba ya matofali, akajenga ya udongo. "Tunarudi karibuni," alisema. Nilikuwa na miaka tisa.

Kompyuta iko ndani ya nyumba ileile ya udongo. Mwezi ujao natimiza ishirini na tatu.