Upendo, Leo Wameielewa Limiti

Upendo, rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa bado na chaki mikononi. Sijanawa. Nikinawa nitatulia, na sitaki kutulia kabla sijakwambia.

Unakumbuka kidato cha tano kule Iringa, wewe kitanda cha juu, mimi cha chini? Mwalimu alituandikia fanksheni ile: x mraba toa nne, gawanya kwa x toa mbili, akasema x ikikaribia mbili limiti yake ni nne. Sisi wengine tukanakili. Wewe ukanyoosha mkono: "Mwalimu, ukiweka mbili, chini inakuwa sifuri, haigawanyiki. Sasa hiyo limiti ya nne imetoka wapi?" Akasema kariri tu, itakuja kwenye mtihani. Ulikataa! Jioni nzima bwenini ukanisumbua nayo, huku umejifunika blanketi kwa baridi.

Mwaka wa pili chuoni pumu ikakuchukua. Mimi nikafungasha. Kwenye msiba wako, nyumbani kwenu Mafinga, nilimwambia mama yako kwamba sirudi tena, hesabu bila wewe siziwezi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hajala. Akanishika mkono. "Atu mwanangu, na wewe ukiacha, nitakuwa nimezika wawili."

Nikarudi.

Sasa nafundisha sekondari, Iyunga. Ndiyo, mimi, niliyekuwa naogopa ubao! Ila mwaka huu darasa langu la hisabati limebaki na wachache, na mkuu wa shule alishasema wakiendelea kuhama atalifunga. Jana akanijia Subira, binti wa wafugaji wa Usangu, mwenye akili kuliko wote. "Madam, nahamia HKL, nikasome historia na lugha. Huku nakariri vitu nisivyovielewa."

Sikulala vizuri. Leo nikaiandika fanksheni ile ile ubaoni. Nikawaambia, hii ni kama mashine ya kusaga: unaingiza namba huku, inatoka namba kule. Mbili inaikwamisha. Basi msiingize mbili, isogeleeni tu.

Wakashika vikokotoo. Moja nukta tisa, ikatoka tatu nukta tisa. Moja nukta tisa tisa, tatu nukta tisa tisa. Wakaja kwa upande wa pili: mbili nukta sifuri moja, nne nukta sifuri moja. Kelele zikaanza. Subira akasimama. "Madam, inakuja nne! Huku na huku, inakuja nne!" Kisha akakunja uso. "Lakini penyewe, kwenye mbili, hakuna kitu."

Upendo, nilikuwa kama nakusikia wewe.

Nikamwambia, "Hatuulizi pale pana nini. Tunauliza inaelekea wapi."

Akatazama ubao. Halafu akapiga meza kwa kiganja, akacheka, na darasa zima likacheka naye. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Akaja mbele: "Madam, sihami." Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na wala sikuona aibu.

Ungekuwepo! Ungekuwepo tu, ukaona nyuso zile.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi darasa hili halifungwi mimi nikiwa bado nasimama. Likizo nitapanda basi kwenda Mafinga, nimsimulie mama yako yote, hata kulia kwangu. Sasa ngoja niache kalamu. Subira amerudi na wenzake, wamejazana mlangoni pa ofisi ya walimu, wanataka swali lingine, tena gumu.

Wako,
Atu